Kuingia Si Kufaa: Risasi na Chemba Yake

  

Leo nazungumza na watu ambao si wengi kwa idadi, lakini dhamana yao ni kubwa. Ni wale wenye bunduki kwa leseni: askari wa wanyamapori, skauti wa vijiji, wawindaji wenye vibali, walinzi, wakulima wanaofukuza wanyama waharibifu, na wanamichezo wa kulenga shabaha. Nazungumza pia na watu wa nyumbani kwao. Bunduki ikipasuka, chuma hakichagui kati ya aliyeishika na aliyesimama pembeni yake.

Nianze na swali. Umechukua risasi, umeiweka kwenye chemba, imeingia bila kulazimishwa, na bolti imefunga vizuri. Je, hiyo ndiyo risasi ya bunduki hiyo?

Najua wengi mnajibu nini. Mnasema, imeingia, bolti imefunga, sasa shida iko wapi? Shida ipo, ndugu zangu. Kuingia si kufaa. Nitalirudia neno hili mara kadhaa jioni hii, na naomba uniwie radhi kwa kulirudia, kwa sababu watu wamepoteza macho na vidole kwa kutolijua. Risasi inaweza kuingia, bolti ikafunga, kila kitu kikaonekana sawa, na bado ikawa si yake.

Tuanzie ndani ya bunduki. Tukisema risasi, kwa kawaida tunamaanisha kitu kizima, lakini kitu hicho kina sehemu nne. Kuna ganda, mara nyingi la shaba ya njano. Kuna fataki, kile kiduara kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Kuna baruti ndani ya ganda. Halafu kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu iliyochongwa ili kulipokea ganda hilo, na kipimo chake ni cha sehemu ndogo sana za milimita. Mbele ya chemba mtutu unabana, na hapo kichwa cha risasi hushika ile mifuo ya ndani inayokizungusha.

Ukivuta kifyatulio, pini inaipiga fataki, fataki inawasha baruti, baruti inageuka gesi. Gesi inalitanua ganda mpaka linabanana na kuta za chemba. Sikiliza vizuri hapa, maana watu wengi hawalijui hili hata kama wameshika bunduki miaka mingi. Ganda lenyewe ni jembamba. Halina nguvu ya kuzuia gesi hiyo. Kinachoizuia ni chuma cha chemba kinacholizunguka ganda, na bolti inayolikinga kwa nyuma. Ganda linaziba tu. Sasa kama chemba ni pana kuliko ganda, au ni ndefu kuliko ganda, ganda litatanuka mahali ambapo halina chuma cha kuliegemea. Litachanika. Na gesi itatafuta njia ya kurudi nyuma, uliko uso wako.

Nguvu yenyewe ni kiasi gani? Sitaki kukujazia namba, nitakupa moja tu. Tairi la gari dogo lina mgandamizo wa bar 2 na kidogo, na wote tunajua tairi likipasuka linavyotisha. Risasi ya .308, ambayo ni risasi ya kawaida ya uwindaji, kikomo chake cha mgandamizo ndani ya chemba ni bar 4,150. Hiyo ni karibu mara elfu mbili ya tairi, na iko sentimita chache kutoka kwenye jicho lako. Bunduki nzima imejengwa kuibeba nguvu hiyo, mradi kilichomo ndani kiwe kile ambacho fundi alikikusudia.

Tutajuaje basi? Kwa kusoma mahali pawili. Mahali pa kwanza ni kwenye bunduki. Karibu na chemba, au pembeni ya mtutu, fundi amechonga jina la risasi yake. Mahali pa pili ni kwenye kitako cha ganda, kuizunguka fataki. Majina haya mawili yawe jina moja, kamili, pamoja na herufi zake zote na namba zake zote. Nasema tena: jina kamili. Kufanana nusu hakutoshi.

Kwa nini nasisitiza jina kamili? Chukua mfano wa 7.62. Ukisikia mtu anasema “nina risasi za seven sixty-two,” bado hajakwambia kitu. Katika ukanda wetu ziko angalau tatu zenye namba hiyo. Ipo 7.62×39, ya Wasovieti ya mwaka 1943, inayotumika kwenye AK-47 na SKS. Ipo 7.62×51 ya NATO, iliyopitishwa mwaka 1954, ya G3 na FAL. Na ipo 7.62×54R ya Warusi, ambayo imetumika tangu 1891, ya bunduki za Mosin-Nagant na ile ya mashine inayoitwa PKM. Namba ya kwanza inataja upana wa mtutu. Namba ya pili inataja urefu wa ganda kwa milimita: 39, 51, 54. Hiyo R ya mwisho inakwambia kwamba ganda lina ukingo uliotokeza kitakoni. Kwa hiyo ukiisoma namba ya kwanza ukaiacha ya pili, umesoma nusu tu.

Namba za Waingereza na Wamarekani ndizo zinazopoteza watu zaidi. Wazee wengi waliozifahamu bunduki za Lee-Enfield wanaikumbuka .303. Halafu ikaja .308 mwaka 1952. Mtu atafikiri kichwa cha .308 ni kipana kuliko cha .303, maana nane ni kubwa kuliko tatu. Ni kinyume chake! Kichwa cha .303 ndicho kipana kidogo. Sababu ni kwamba namba moja ilitokana na kupima mtutu juu ya migongo ya mifuo, na nyingine ilitokana na kupima ndani ya mabonde yake. Na hapo hapo kuna jamii ya .300: ipo .300 ya Holland & Holland, ipo .300 Winchester Magnum, ipo .300 Weatherby, na zote zinabeba kichwa cha upana ule ule wa .308. Unaona? Namba hizi ni majina ya kutambulisha. Usizifanyie hesabu za kujumlisha na kutoa.

Wakati mwingine hatari yote inakaa kwenye herufi moja. Mwaka 1888 jeshi la Ujerumani lilianza kutumia risasi ya milimita 8 ambayo kichwa chake kilikuwa na upana wa milimita 8.08 hivi. Mwaka 1903 wakapitisha kichwa kipya chepesi, chenye ncha kali, chenye upana wa milimita 8.22. Ganda likabaki karibu lile lile. Tofauti ya vichwa ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita, jicho halioni. Lakini ukikisukuma kichwa kipana kwenye mtutu mwembamba kwa nguvu ile niliyoitaja, mgandamizo unapanda kuliko bunduki ilivyokusudiwa kubeba. Ndiyo maana bunduki za zamani zilizorekebishwa zilipigwa chapa ya herufi S, na mpaka leo risasi za uwindaji za jamii hiyo huandikwa 8×57 I au 8×57 IS. Mwenye bunduki ya I akitia risasi ya IS, itaingia. Narudia: itaingia. Na kuingia si kufaa.

Kwa kuwa tumewataja Wajerumani, naomba nikupeleke kidogo kwenye historia ya hapa kwetu. Naipenda historia hii kwa sababu inaonyesha jinsi watu wa vita, ambao hawana nafasi ya kujidanganya, walivyoiheshimu kanuni tunayoizungumzia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871. Hizo zilikuwa za milimita 11, zikitumia baruti ya kale yenye moshi mwingi, kiasi kwamba kila askari alipopiga, wingu jeupe lilimtangaza alipo. Wenzao wengine walikuwa na Mauser za kisasa. Waingereza walikuja na .303. Novemba mwaka huo huo, Waingereza waliposhindwa Tanga na kurudi merikebuni, waliacha nyuma mamia ya bunduki, na pamoja nazo risasi zake zaidi ya nusu milioni. Kilichokuwa na thamani kubwa ni hicho: bunduki pamoja na risasi zake. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliweza kuvipa silaha mpya vikosi vizima kwa kile kilichookotwa Tanga.

Vita vikaendelea, Wajerumani wakazingirwa, risasi zao wenyewe zikaanza kwisha. Wakafanya nini? Walivuka Mto Ruvuma, na tarehe 25 Novemba 1917 wakaiteka ngome ya Wareno pale Ngomano. Wareno walikuwa na bunduki zao, za milimita 6.5. Jeshi la Von Lettow halikujaribu kutia risasi za Kireno kwenye Mauser za Kijerumani. Walichukua bunduki za Kireno na risasi za Kireno, wakaziacha zile ambazo risasi zake zilikuwa zimekwisha. Baadaye, huko huko Msumbiji, wakateka za Waingereza, wakafanya vile vile. Walipokuja kuweka silaha chini pale Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki walizokabidhi zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Wajerumani likajisalimisha na bunduki za adui zake!

Nawaza mara nyingi juu ya askari wale, wengi wao Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, wanaume wa nchi hizi, ambao kila baada ya miezi kadhaa walilazimika kujifunza bunduki ngeni na risasi ngeni wakiwa njiani, na njaa juu yake. Vitabu vinawataja majemadari. Lakini kazi ya kujua ipi ni ya ipi, gizani, mvuani, ilifanywa na askari hao.

Sasa turudi kwetu, kwenye jambo ambalo naliona ndilo hatari kubwa zaidi kwa mwananchi wa kawaida. Wenye raifo ni wachache. Bunduki iliyo kwenye nyumba nyingi za wakulima ni ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani. Na huko nako kuna kuingia kusikofaa, tena kwa namna mbaya kuliko zote.

Mkononi hapa studio nina maganda mawili matupu ya shotigani. Moja ni jekundu, ni la geji 12. Jingine ni la njano, ni la geji 20. Na tufahamu hapa, geji huhesabiwa kinyume: namba ikipanda, ganda linapungua unene. Kwa hiyo la geji 20 ndilo dogo. Nayashika yote mawili kwa vidole. La njano ni jembamba kidogo tu. Ukifumba macho na mikono ikiwa na baridi ya alfajiri, unaweza usitambue. Chemba ya geji 12 ni pana kuliko ganda hili la njano, kwa hiyo ukiliweka humo halikai. Linateleza. Linapita chembani, linaenda mbele mpaka kitako chake kinapokwama pale mtutu unapoanza kubana. Limetoweka. Ukifungua bunduki ukatazama nyuma haraka haraka, utaona chemba tupu.

Fuatana nami taratibu. Mkulima ameamka usiku, nguruwe wameingia kwenye mahindi. Mfukoni ana risasi za aina mbili, za kwake na alizopewa na shemeji yake. Anatia moja, anafunga, anavuta. Kimya, inasikika “ta” tu ya pini. Anafungua, haoni kitu. Anajiambia, kumbe sikuweka risasi. Anatia nyingine, hii sasa ni ya geji 12, inakaa vizuri. Anafunga. Mbele ya risasi hiyo, ndani ya mtutu ule ule, imekaa risasi nzima ya geji 20, na baruti yake na marisau yake. Anavuta.

Mtutu unapasuka pale pale ilipokwama ile ya njano, na pale ndipo mkono wa kushoto unaposhikilia bunduki.

Hii si hadithi ya kutishia watoto. Ni ajali inayojulikana duniani kote, kiasi kwamba watengenezaji walikubaliana kuyapaka maganda ya geji 20 rangi ya njano ili yatambulikane kwa mbali. Ukiona ganda la njano, shtuka kwanza. Lakini usiitegemee rangi peke yake, maana risasi za zamani hazikuifuata desturi hiyo, na usiku rangi haionekani. Njia ya hakika ni kutokuweka geji mbili katika nyumba moja. Na kama zimo kwa sababu kuna bunduki mbili zenye leseni, basi zisikae sanduku moja, zisiingie mfuko mmoja, hata siku moja.

Kwenye shotigani kuna jambo lingine la kuangalia, nalo ni urefu. Bunduki nyingi za zamani za geji 12 zina chemba ya milimita 70, au hata 65. Siku hizi kuna risasi za milimita 76. Utasema, ikiwa ndefu kuliko chemba haitaingia. Itaingia! Kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa ganda baada ya kupigwa, likiwa limefunguka. Kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo ni fupi, na inakaa chembani kama yake. Ukipiga, mdomo unataka kufunguka na hauna nafasi, unafungukia pale mtutu unapobana, njia inasongwa, mgandamizo unapanda. Soma urefu kwenye bunduki, soma urefu kwenye sanduku.

Kuna wasikilizaji wenye uzoefu ambao wananisubiri hapa. Watasema, lakini mbona kuna bunduki zinazokubali risasi mbili? Ni kweli, zipo, na nitalisema hili haraka. Bunduki yenye chemba ya 5.56 ya NATO hupiga .223 Remington bila taabu. Kinyume chake hakishauriwi, kwa sababu chemba ya 5.56 ina nafasi ndefu zaidi mbele ya kichwa kabla ya mifuo kuanza, na ile ya .223 haina. Vile vile .375 ya Holland & Holland, risasi ya mwaka 1912 ambayo wawindaji wa nyati wanaijua sana, inaweza kupigwa katika chemba ya .375 Weatherby, lakini ya Weatherby isiingizwe kwenye Holland. Njia ya upande mmoja hairudishi. Na maoni yangu ni kwamba mtu asiye fundi asijifunze orodha za kubadilishana kabisa. Atumie iliyoandikwa kwenye bunduki yake, basi.

Tukiwa kwenye 5.56, niitaje .300 Blackout, iliyosajiliwa Marekani mwaka 2011. Ilibuniwa makusudi itumie bolti ile ile na magazini ile ile ya 5.56, mtutu tu ndio unaobadilishwa. Matokeo yake, magazini mbili zinafanana kabisa kwa nje, na ndani mna risasi tofauti. Baadhi ya risasi za .300 zikisukumwa kwenye chemba ya 5.56 zinaweza kufunga, kwa sababu kichwa kinarudi ndani ya ganda. Ukivuta, kichwa cha karibu milimita 7.8 kinalazimishwa kupita mtutu wa karibu milimita 5.7. Hakipiti. Bunduki inafumuka. Wasikilizaji wetu mlioko Marekani mnaokwenda viwanja vya shabaha, hili linawahusu moja kwa moja: magazini za kila aina ziwe na alama yake, na siku ya mazoezi peleka aina moja tu mezani.

Je, maandishi ya kitako cha ganda yanasema kila kitu? Kwa risasi za kiraia, mara nyingi ndiyo: jina la kiwanda na jina la risasi. Kwa risasi za kijeshi, si lazima. Nyingi za Kirusi na za Kichina zina namba ya kiwanda na mwaka tu. Za NATO zina duara lenye msalaba ndani, na hilo halikutajii upana wala urefu. Kwa hiyo ganda lisilojitaja jina ni ganda la kupelekwa kwa mtu anayejua. Usilikisie kwa kulijaribu.

Na kwenye bunduki nako kuna alama za kusoma. Nchi kadhaa zina nyumba za kupimia bunduki, ambako kila mtutu hupigwa kwanza kwa risasi kali kuliko za kawaida kabla ya kuuzwa. Ya London inatokana na chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati mwaka 1637, na ya Birmingham ilianzishwa 1813. Bunduki za kikoloni zilizobaki huku kwetu nyingi zina chapa zao. Ukiona herufi BNP chini ya taji, mtutu huo ulipimwa Birmingham kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Bunduki iliyopimwa kwa baruti nyeusi peke yake isipigwe risasi za kisasa, hata kama geji ni ile ile na urefu ni ule ule.

Hapo nataka kuwakumbuka ndugu zetu wa magobole. Gobole halina ganda wala chemba ya namna tuliyoieleza. Baruti inamiminwa mdomoni. Hatari yake ni moja na hii ya leo, yaani kukipa chuma nguvu ambayo hakikufanyiwa. Anayetoa baruti ya risasi ya kisasa akaitia kwenye gobole, anajiua. Baruti hiyo ni jamii nyingine kabisa, na bomba la gobole halikutengenezwa kuistahimili. Kama gobole lako halina leseni, serikali zetu mara kwa mara hutangaza muda wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa. Utumie muda huo.

Hata bunduki sahihi na risasi sahihi zinaweza kuacha kupatana kwa sababu ya uchakavu. Kati ya uso wa bolti na pale risasi inapoegemea chembani kuna nafasi iliyopimwa. Miaka ikipita, bolti inalika, au mtu amebadilisha bolti ya bunduki moja na ya nyingine, na nafasi inaongezeka. Dalili utaiona kwenye maganda yaliyotumika. Yaokote, yaangalie mchana kweupe. Ganda lina mstari unaong'aa ukilizunguka karibu na kitako? Limeanza kuchanika hapo? Fataki imetokeza nje badala ya kukaa sawa na kitako? Acha kutumia bunduki hiyo leo, mpelekee fundi silaha aliyeidhinishwa, ana vipimo vya chuma vya kuichunguza chemba. Na bolti iwe na namba ile ile ya bunduki yake. Angalia namba hizo kabla hujanunua bunduki iliyotumika.

Sasa masikio yako. Ukivuta na ikasikika pini tu, usiifungue bunduki papo hapo. Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, subiri nusu dakika nzima, maana kuna risasi zinazochelewa. Halafu ifungue, itoe risasi hiyo, na kabla ya kutia nyingine hakikisha kwa macho kwamba mtutu ni mtupu toka mwanzo mpaka mwisho. Siyo chemba tu, mtutu wote. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, “puu,” bila ule msukumo wa begani, simama hapo hapo. Huenda kichwa kimebaki ndani ya mtutu. Risasi inayofuata ndiyo itakayoupasua mtutu. Usipige ya pili kwa matumaini kwamba itaisukuma ya kwanza.

Nimalizie na swali alilonitumia mama mmoja msikilizaji wetu, na ninalileta kwa sababu najua hayuko peke yake. Mume amefariki, ameacha bunduki na kopo la risasi mchanganyiko, nyingine zimeota kutu ya kijani, na vijana wa nyumbani wanataka kuzijaribu wajue zipi ni nzima. Mama, pole sana kwa msiba. Vijana wasijaribu hata moja. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kote leseni ni ya aliyeandikwa jina lake. Hairithiwi kama shamba. Usiziloweke kwenye maji, usizitupe chooni, usizichome moto, na kopo lenyewe usilichambue. Liache lilivyo, lifungie mbali na watoto, kisha nenda kituo cha polisi na kitabu cha leseni cha marehemu, uwaeleze kilichopo nyumbani, nao watakwambia namna ya kukifikisha au watakuja kukichukua. Kama yuko mtu katika ukoo anayetaka kuimiliki bunduki hiyo kwa haki, aombe leseni yake mwenyewe, bunduki ipelekwe kwa fundi ikapimwe chemba, na risasi anunue mpya kwa kibali, dukani, zenye jina lile lile lililochongwa kwenye mtutu.

Alhamisi ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia usafishaji wa mtutu na utunzaji wa risasi katika joto na unyevu wa pwani.